Vikombe vya Marehemu Vilicheza na Msumeno Umezimwa

Hebu nyie mliosoma mniambie.

Msumeno umezimwa. Waya wake wa umeme nimeufungua mwenyewe, nimeuviringisha, niko nao mkononi kama nyoka aliyekufa. Na bado, mbele ya macho yangu, ndani ya kabati la vioo, vikombe vya marehemu mke wangu vinacheza.

Vinacheza, ndugu zangu. Vinagongana kling kling kling kama vina harusi yao.

Mimi shule niliiacha darasa la nne nikaingia kwenye mbao. Lakini hilo darasa la nne lilinitosha kujua kwamba mashine isiyo na umeme haitikisi kitu.

Tulieni niwape mkasa wote.

Naitwa Mitwali, seremala wa Dumyati. Ukisema Dumyati, Misri nzima inajua unasema fanicha. Kwetu chini ya nyumba ni karakana, juu wanaishi watu. Mtoto wa Dumyati hulala kwa sauti ya msumeno, ukizimwa ndiyo anaamka analia.

Karakana naitumia mimi, lakini nyumba si yangu. Ni ya mama mkwe wangu, Hajja Inshirahi, ajuza mwembamba kama ufito, ulimi wake unaranda mbao bila randa.

Tuliishi juu watatu: yeye, mimi, na binti yake Ibtisamu, mke wangu.

Ibtisamu alifariki mwaka juzi, majira ya baridi. Alifia kwenye benchi la hospitali, akimsubiri daktari mkubwa amalize kikao. Kikao! Mtu anakata roho, wao wanapanga nani akae kiti gani. Sitasema mengi. Wenye vyeo Mungu anawaona.

Baada ya mazishi sikuweza kulala kule juu. Nikashusha godoro langu karakana, nikalitandika kati ya rundo la mbao na mashine. Nikamwambia Hajja ni kwa ajili ya kulinda vifaa.

Alinitazama, akasema, "Vilindwe na nani, panya?"

Nikawa nakula ful, maharage ya kuchemsha ya mkokoteni, nanywa chai yangu mwenyewe, sipandi ngazi.

Sasa, msumeno.

Muda wote wa matanga mpaka arobaini ilipopita, sikuugusa. Ni msumeno wa meza wa zamani, chuma kizito, mota yake iko chini na inazungusha kisu kwa mkanda. Ndiyo uliotengeneza fanicha yetu ya harusi. Siku nilipouwasha tena, weee! Ulitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Patasi zikashuka ukutani zenyewe.

Mara juu ya kichwa changu, ngo! ngo! ngo! Fimbo ya Hajja kwenye sakafu.

"Mitwali! Unapasua mbao au unapasua nyumba?"

"Mashine hiyo, Hajja!"

"Vikombe vya binti yangu vinagongana! Kikivunjika kimoja, na mimi navunja kitu, na sisemi ni kitu gani!"

Hapo lazima niwaeleze kidogo kuhusu hilo kabati. Kila bibi harusi kwetu anakuja na kabati la vioo sebuleni. Ndani anapanga vikombe, glasi, sahani za maua, na bakuli la supu kubwa kama beseni. Na vyote hivyo haviguswi. Havinywewi na mgeni, havishushwi sikukuu. Kabati likishapangwa, mlango wake haufunguliwi, vumbi linafutwa kwa nje. Chai tunanywea glasi za dukani.

Ibtisamu aliishi na vikombe vile maisha yake yote ya ndoa. Amekufa hajanywea hata kimoja.

Basi nikapanda. Ilibidi. Nikaweka uso kwenye kioo nikihesabu kama vyote vizima, maana masikio yangu yameliwa na misumeno, nasikia nusu nusu. Hajja akaniletea chai na mishabaki, ule utamu wetu wa kukaanga unaonata mpaka kwenye masharubu. Nikala kwa adabu, nikashuka.

Kesho yake ngo ngo ngo. Nikapanda tena. Chai tena.

Na mimi, kwa ukorofi wangu, nikaanza kupasua mbao saa yake ya kulala mchana. Kama ni kero, acha iwe kero kamili.

Lakini kazi ikaanza kuharibika. Kila mbao ninayopasua inatoka na mikwaruzo kama imetafunwa. Nikamwita jirani yangu Shahata, mchonga nakshi wa ng'ambo ya uchochoro, mtu mnene mwenye mdomo usio na breki.

"Ni umeme," nikamwambia. "Wale wezi wanatuletea umeme unapanda na kushuka, mota inachanganyikiwa."

"Mzee, wewe kila kitu serikali," akasema Shahata. "Juzi umekwama na mwiba wa samaki, ukamlaumu waziri."

"Nani anaruhusu wauze samaki wenye miiba mingi vile?"

"Washa mashine, babu. Siasa baadaye."

Sisi huwa tunapima mashine kwa sarafu. Unasimamisha sarafu ya pauni kwa ubavu juu ya meza ya msumeno, unawasha. Ikibaki imesimama, mashine ni nzima. Ikianguka, kuna ugonjwa.

Nikawasha. Sarafu haikuanguka tu, ilikimbia.

Tukaanza kuutafuta ugonjwa mmoja mmoja. Tukavua mkanda, tukawasha mota peke yake. Ikanguruma kwa adabu. Mota haina kesi. Tukatoa kisu, tukauzungusha mhimili wake kwa mkono. Laini kama mafuta, beringi hazina kesi. Tukakaza skrubu za puli zote mbili, yale magurudumu yanayoshika mkanda, tukazipima kwa rula ndefu. Zimenyooka.

Ukabaki mkanda.

Shahata akauokota sakafuni, akauinua. Ndugu zangu, mkanda haukulegea kama mkanda. Ulibaki umejikunja vilevile ulivyokaa kwenye puli, mgumu, umbo la yai. Muda wote ule nilioomboleza, nao umesimama palepale umekauka. Sasa kila ukizunguka unapiga nundu yake, dum dum dum, na nundu hiyo ndiyo iliyokuwa inatikisa meza, sakafu na ukuta mpaka juu.

Shahata akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, mkanda wako umekaa eda!"

Nilimrushia kipande cha mbao. Kikamkosa, bahati mbaya.

Nikafunga mkanda mpya. Sarafu ikasimama kama askari wa gwaride. Nikapitisha mbao ya mti mgumu, ikatoka laini, unaweza kuilambia asali.

Siku kadhaa za raha. Fimbo kimya. Nami sikupanda ngazi, napanda kufanya nini? Kila mtu na dunia yake.

Halafu mchana mmoja, ngo! ngo! ngo!

"Mitwali! Vimeanza tena!"

Nikaangalia mezani. Sarafu imesimama. Nikapiga kelele, "Haiwezekani, Hajja!"

"Njoo uone kwa macho, maana masikio huna!"

Nikamwacha Shahata anashikilia msumeno, nikapanda. Wallahi vikombe vilikuwa vinacheza. Nikainama dirishani, "Zima!" Shahata akazima. Vikombe vikatulia. "Washa!" Akawasha. Punde tu, kling kling.

Hajja akakunja mikono. "Haya, fundi. Chai unataka na sukari?"

Nilikunywa ile chai kama dawa.

Nikashuka nikaivua mashine kama kuku wa pilau. Nikasugua utomvu kwenye kisu. Nikakomba maranda yote yaliyojibana ndani. Nikalisawazisha kila guu, nikaweka mpira wa tairi chini ya miguu minne. Mashine ikawa tulivu mpaka ukiigusa huwezi kujua kama imewashwa.

Juu, vikombe vinacheza.

Nikapanda. Bata wa kujazwa vitunguu. Nikashuka.

Nikafungua beringi nzima nikaweka mpya. Vikombe vinacheza. Nikapanda. Jibini na tikiti. Nikashuka nimechanganyikiwa na nimenenepa.

Kisha Hajja akatoa hukumu.

"Mitwali, sikiliza. Nadiri, mjukuu wa dada yangu, anatafuta duka la kuuza makava ya simu. Ijumaa baada ya sala anakuja na futi kupima karakana. Kama vikombe vya binti yangu havijatulia, wewe na chuma chako mtafute pa kwenda."

"Hajja! Makava ya simu? Karakana ya Dumyati?"

"Makava hayana kelele."

Nilishuka zile ngazi bila kuaga. Mnaelewa? Ile karakana ikienda, mimi nimekwisha. Fundi wa umri wangu hakuna anayemwajiri. Ningehamia Kairo kwa mwanangu, ghorofa ya tisa, kazi yangu iwe kubeba mifuko ya nyanya na kuangalia tamthilia na mke wake, ambaye akiniona nimeshika bisibisi anauliza, "Baba, unatafuta nini?"

Shahata akaniona nimekaa juu ya rundo la mbao. Kwa mara ya kwanza akakosa utani.

"Mzee, usikasirike," akasema taratibu. "Mashine ni nzima. Nyumba ni nzima. Labda... labda ni mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Ibtisamu. Labda hapendi unavyolala huku chini na panya."

"Toka hapa."

Akatoka. Lakini neno lake likabaki, linanitafuna kama mchwa. Nikaogopa. Siwadanganyi.

Nikafikiri sana. Na mimi nikifikiri sana huwa nafika kwa wakubwa. Barabara ya nyuma yetu manispaa walikuwa wanachimba mtaro. Wanachimba, wanafukia, wanachimba tena, wanapiga picha. Nikasema, yes! Ndio hawa! Mitambo yao inatikisa ardhi, inatokea tu saa za kazi zangu, na mimi nasingiziwa!

Nikaunda mpango. Alhamisi mchana, Shahata akaazima kipaza sauti cha yule mnunua vyuma chakavu anayepita na mkokoteni. Tukaurekodi msumeno kwa simu ya Shahata. Mpango ni huu: msumeno tunauzima kabisa, naufungua waya nakwenda nao juu. Shahata anacheza ile sauti kwa kipaza. Hajja anadhani ni mimi napasua mbao. Vikombe vikicheza, namwekea waya mapajani: "Huu hapa, Hajja! Mashine haina umeme! Kamshtaki mkuu wa manispaa!"

"Na vikicheza wakati na wale wachimbaji wamekwenda kula?" akauliza Shahata.

Nilijifanya sijasikia. Masikio yana faida zake.

Nikavua viatu, nikapanda kimyakimya na waya wangu, nikasimama nyuma ya pazia la mlango wa sebule.

Hajja alikuwa kwenye kochi, sinia la mlenda mapajani, anachambua majani. Ananuna peke yake kama kawaida.

Chini, kipaza kikafunguka. Vuuuuuuuu!

Hajja hakushtuka. Aliweka jani kwenye sinia. Akajifuta vidole taratibu. Akaingiza mkono mfukoni mwa gauni.

Kling kling kling.

Nywele zilinisimama, hata zile chache. Nilitazama dirishani: huko mtaroni mitambo imezimwa, wale vijana wa manispaa wamejilaza kivulini wanakula mkate. Natazama waya mkononi. Natazama vikombe. Vinacheza.

Ndani ya moyo nikasema, Ibtisamu, nisamehe, narudisha godoro leo leo.

Ndipo kipaza kikafanya kituko. Shahata, mjinga yule, hakufuta sauti ya mwenye kipaza iliyorekodiwa humo. Msumeno ukakatika, ikapasuka sauti ya mnunua chakavu mtaa mzima:

"FRIJI BOVUUU! MASHINE YA KUFULIA BOVUUU! NANI ANAUZA?"

Hajja aliruka, mlenda ukamwagika. Mkono ukatoka mfukoni na kitu.

Simu.

Akabonyeza haraka. Vikombe vikatulia palepale.

Nikatoka nyuma ya pazia. Tukatazamana.

"Unafanya nini hapo bila viatu kama mwizi?" akasema.

"Na wewe unafanya nini na simu kama kijana wa kike?"

Nikaenda kwenye kabati. Funguo ilikuwa mlangoni, mahali ilipokaa tangu siku ya harusi. Akasema kwa ukali, "Usifungue hilo kabati, Mitwali! Halifunguliwi!"

Kweli. Halifunguliwi. Ndiyo maana miezi yote mimi fundi mzima nilifungua mota, puli, beringi, miguu, kila kitu, isipokuwa kile kitu kimoja kilichokuwa kinatikisika.

Nikazungusha funguo.

Nyuma ya lile bakuli la supu, juu ya sinia la shaba lililobeba vikombe vyote, ilikuwa imelazwa simu ndogo yenye ufa kwenye kona. Ufa ule naujua. Iliangukia mezani pangu pa msumeno.

Simu ya Ibtisamu.

Nikaishika.

"Piga tena," nikamwambia.

"Sipigi."

"Piga, Hajja."

Akabonyeza. Simu ikatetemeka kiganjani mwangu kama kifaranga. Kwenye kioo chake, kwa jina alilolihifadhi mwenyewe Ibtisamu: *Mama*.

Tulikaa. Mlenda uko sakafuni, hakuna aliyeuokota.

"Laini yake naiwekea salio mpaka leo," Hajja akasema, anatazama pembeni. "Naichaji mimi. Nilikuwa nampigia tu. Mtu akizoea kumpigia mtu... Siku moja nikaiweka pale kabatini isipate vumbi, nikapiga, vikombe vikalia. Ndipo nikapata akili."

"Akili ya kunitia wazimu?"

"Mashine yako ilipokuwa mbovu ulikuwa unapanda kila siku. Ulipoitengeneza hukupanda tena. Wewe nikikuita chakula husikii. Yeye nikimpigia hapokei. Angalau vikombe viliitikia."

Nikaiweka ile simu juu ya goti langu.

"Na nyumba yote hii," akaendelea, sasa kwa hasira, "nakaa na kochi na kabati! Mkwe wangu yuko hatua chache chini yangu, analala na panya! Ulifiwa na mke, sawa. Na mimi nilifiwa na nini, paka?"

Huo ukweli ulinipiga kuliko ubao unaorushwa na msumeno.

Baadaye nikakumbuka. "Na Nadiri? Kesho anakuja na futi?"

"Nadiri ana duka lake Port Said, ana watoto wanne na kitambi. Hajui lolote."

"Hajja! Ulikuwa tayari kunifukuza!"

"Bata yule uliona ni bata wa kumfukuza mtu?"

Nilicheka. Naye akacheka, meno yake matatu yakaonekana. Chini Shahata akapiga kelele, "Mzee! Ni manispaa au ni marehemu?"

"Ni manispaa!" nikamjibu. Mambo ya familia si ya kutangazwa na kipaza.

Kisha nikafanya jambo ambalo Dumyati nzima ingenishangaa. Nikachukua vikombe viwili kabatini, vile vyenye ukingo wa dhahabu.

Hajja akasimama. "Vya binti yangu hivyo! Haviguswi!"

"Vitamngoja nani?"

Halafu akaninyang'anya mkononi. Nikadhani anavirudisha. Akaenda navyo jikoni, nikasikia maji yanafunguliwa, na kile kinachotoka jikoni wakati mwanamke mzee analia na hataki asikike.

Chai ilikuja tamu kupita kiasi. Tuliinywa yote.

Godoro nimelirudisha juu. Msumeno unakata vizuri, fimbo haigongi ila chakula kikiwa tayari. Ile simu iko kabatini, na siku nyingine mchana naona vikombe vilivyobaki vinacheza kidogo. Nageuza uso. Kila mtu ana namna yake ya kuongea na wake.

Funzo langu mimi darasa la nne ni hili. Anayelalamika kila siku kuhusu kelele yako, usikimbilie kutengeneza mashine tu. Panda, ukae naye, mle, umtazame usoni. Huenda kelele siyo inayomuumiza. Huenda kimya ndicho.

Na wale wa umeme bado ni wezi. Hilo sijalifuta.